Mzigo wa Mwenzio si Kanda la Usufi

Wahenga waliosema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi walituonya juu ya tabia ya binadamu, ambaye kwa maumbile yake huhisi uzito wa kilicho juu ya bega lake na kughafilika na kilicho juu ya kichwa cha mwingine. Onyo hilo lina haja ya kukumbukwa leo katika milima yetu, ambako kila mwaka maelfu ya watu, wageni na wenyeji, hupanda na vyombo vya safari walivyovichagua wao, navyo aghalabu huchukuliwa na watu ambao katika uchaguzi huo hawakuulizwa hata neno. Rai yangu ni kwamba kuchagua zana za safari ya miguu, yaani shanta, hema, fuko la kulalia, viatu, nguo na vyakula, ni suala la uadilifu kabla ya kuwa suala la fedha au fakhari. Na msafiri mwadilifu ni yule achaguaye kila kitu kana kwamba atakibeba mwenyewe tangu langoni hadi kambi ya mwisho, hata ikiwa amemwajiri mtu wa kumbebea.

Upagazi si jambo geni katika nchi hii. Katika karne ya 19, kabla ya reli, pembe za ndovu ziliteremka pwani, na marikani na shanga zikapanda bara, juu ya mabega ya watu, wengi wao Wanyamwezi, waliokata masafa ya karibu kilomita 1,200 baina ya Bagamoyo na Ujiji. Na mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, mbali na chakula chake na mkeka wake. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, kazi hiyo ilikwisha kupoteza cheo chake cha zamani katika njia kuu za biashara, lakini mlimani haikutoweka, maana huko reli haifiki wala gari halipandi. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipokanyaga Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tarehe 6 Oktoba 1889, hawakufika kwa nguvu za miguu yao pekee: nyuma yao kulikuwa na kambi, na katika kambi hizo kulikuwa na chakula, na chakula hicho kilipandishwa na wapagazi ambao majina yao wengi wetu hatuyajui hata leo.

Sasa kanuni za hifadhi zimeweka mpaka wa kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi mmoja wa Kilimanjaro, ambazo ni kama frasila moja na robo, na mizani imewekwa malangoni ili mpaka huo usivukwe. Hii ni neema kubwa ukiikadiria kwa mizigo ya zamani; lakini uzito ulioandikwa karatasini na uzito ulioko kichwani si lazima ulingane, kwani wako wenye misafara wanaopima kwa adabu mbele ya askari wa hifadhi, kisha, lango likiwa nyuma na msitu ukiwa mbele, huwarudisha watu wawili watatu na kuwagawia waliobaki mizigo yao. Wagumu, kama wapagazi wa mlima ule wanavyojiita wenyewe, huvumilia, kwa kuwa anayelalamika leo huenda asiitwe katika safari ya kesho. Msafiri aliyelala hemani mwake hayaoni hayo, na hata akiyaona hana madaraka ya kuyahukumu. Bali anayo madaraka kamili juu ya kile alichokipakia, na kilo iliyoachwa nyumbani haiwezi kumdhulumu mtu njiani.

Natuifanye hesabu yake. Msafara wa watu kumi ambao kila mmoja wao ameongeza kilo tano za vitu visivyo na haja, mathalan viatu vya kubadilisha jioni, suruali za jinzi, vitabu vizito, chupa kubwa za sabuni na makoti mawili yafanyayo kazi moja, umeongeza kilo 50, ambazo ni mizigo ya watu wawili na nusu. Na watu hao nao hula, hulala, huhitaji hema, sufuria na gesi ya kupikia, na vitu hivyo navyo vina wa kuvibeba. Hivyo mzigo huzaa mzigo, na aliyeanza kwa kutia shantani koti moja zaidi amezidisha, bila ya kukusudia, uzito wa msafara mzima.

Elimu ya kusafiri kwa wepesi imekuwa ikistawi mahali pengine kwa sababu iliyo dhahiri: wenye kuistawisha walikuwa wakibeba wenyewe. Mwaka 1955 mwanamke wa jimbo la Ohio huko Marekani, Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67 na mama wa watoto kumi na mmoja, aliifuata peke yake njia ya Appalachian kutoka Georgia hadi Maine, masafa ya zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na viatu vya raba miguuni na mfuko alioushona kwa mkono wake begani, ndani yake mna blanketi na pazia la plastiki la kujikinga na mvua. Na baada ya hapo akairudia njia ile tena. Katika miaka ya 1990 Ray Jardine, mhandisi na mpanda miamba, aliwaandikia wapitao njia ya Pacific Crest, huko huko Marekani, akiwahimiza kupunguza uzito wa kila kitu, tangu hema hadi kiatu, na katika wafuasi wa fikira hizo ikaenea desturi ya kuhesabu vitu vyote vya msafiri, ukitoa maji, chakula na mafuta ya kupikia, visizidi pauni kumi, yaani kilo nne na nusu. Sisemi kwamba tuige kila walilolifanya, kwani vilima vya Georgia si Kibo na blanketi moja halitoshi penye barafu. Nasema kwamba hekima yao ilitoka katika mgongo uliokuwa wao, na sisi tunaopandishiwa vitu vyetu na wenzetu tunapaswa kuipata hekima hiyo kwa akili, maadamu hatutaipata kwa maumivu.

Tadbiri ya kwanza, basi, ni kupima. Mwenye nia ya safari avitandaze vitu vyake sakafuni siku nyingi kabla ya kuondoka, akipime kimoja kimoja kwa mizani ya jikoni, na aandike uzito wa kila kimoja. Ataona mara moja kuwa vitu vitatu, yaani shanta, hema na fuko la kulalia, vimemeza sehemu kubwa ya uzito wote, na ya kuwa kuhangaika na mpini wa mswaki ilhali hema lina kilo tano ni kupoteza wakati. Shanta na lichaguliwe mwisho, baada ya vitu vingine kujulikana, maana shanta kubwa lenye nafasi tupu humshawishi mwenyewe alijaze. Jahazi lisilo na shehena huhitaji farumi ili mawimbi yasilipindue. Mwanadamu apandaye mlima hana haja ya farumi, wala hakuna hatari yoyote itakayompata kwa sababu ya nafasi iliyobaki wazi mgongoni mwake.

Hata hivyo, wepesi usio na hadhari ni ujinga, na hapa napenda kukawia kidogo, kwa kuwa viko vitu ambavyo atakayevipunguza hupunguza uhai wake. Hewa hupoa kwa kadiri ya digrii sita kwa kila mita elfu moja unazopanda, na kutoka mjini Moshi hadi kilele cha Uhuru chenye mita 5,895 pana tofauti ya kama mita elfu tano. Hivyo aliyeondoka mjini katika joto la digrii 25 hujikuta kileleni, alfajiri ya siku chache baadaye, katika baridi ya chini ya sifuri inayoweza kufika digrii kumi na zaidi, tena yenye upepo. Kinga ya baridi hiyo ni nguo nyepesi zilizopandana kwa mpango: ya kwanza igusayo mwili, ambayo kazi yake ni kuondoa jasho, ya pili ya sufu au ya flisi, ambayo hushika hewa yenye joto, na ya juu kabisa isiyopitisha maji wala upepo. Anayevaa hivyo huvua moja aonapo jasho na huvaa moja aonapo ubaridi, ilhali mwenye koti moja zito hana shauri ila kulivaa lote au kulivua lote.

Nguo ya pamba, ambayo katika joto la Tanga na Mombasa ni rehema, mlimani huwa adui. Pamba hunywa jasho na mvua ikakaa nayo, na maji huchukua joto la mwili upesi mara nyingi kuliko hewa kavu, hata mtu aliyelowa huweza kuzidiwa na baridi mahali ambapo aliyekauka hupita salama. Kwa sababu hiyo fulana za pamba na jinzi, zilizo nzito zikiwa kavu na nzito zaidi zikilowa, ndizo za kwanza kubaki nyumbani. Katika mafuko ya kulalia, yale ya manyoya laini ya bata hushinda kwa wepesi na kwa kukunjika yakawa madogo, lakini yakilowa hujibana na kupoteza joto lake. Yale ya polisteri ni mazito kidogo na ya bei nafuu, nayo huendelea kutoa joto hata yakiwa na unyevu. Vyovyote iwavyo, kigodoro cha kuweka chini kisisahauliwe, kwani ardhi ya baridi humnyonya mtu joto usiku kucha, na sehemu ya fuko iliyolaliwa, kwa kuwa imebanwa na mwili, haina kinga tena.

Miguu nayo ina haki yake. Wapita njia husema kuwa pauni moja mguuni ni sawa na pauni tano mgongoni, na wanaopima nguvu zinazotumiwa na mwili wamekuta kwamba kauli hiyo haiko mbali na ukweli, maana mguu huinuliwa na kushushwa maelfu ya mara kwa siku. Buti zito la ngozi lenye sifa ya ukakamavu si lazima liwe bora kuliko kiatu chepesi chenye nyayo za kushika udongo. Lililo muhimu ni kwamba kiwe kimekwisha kuzoeana na mguu kwa matembezi ya wiki kadhaa, na kiwe na nafasi ya vidole mbele, ili wakati wa kuteremka vidole visigonge ncha na kucha zisife. Soksi za sufu, jozi mbili au tatu. Tochi ya kichwani, ambayo betri zake zilindwe na baridi ndani ya nguo. Chupa za maji za kawaida, kwani mipira ya kunyonyea maji huganda usiku wa kupanda kilele: hivyo ni vitu vidogo, lakini safari husimama juu yake.

Na kila mahali pana hukumu yake. Anayepita njia ya Marangu hulala katika vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, ambamo mna vitanda na magodoro, basi hana haja ya hema. Anayepita Machame au Lemosho hulala hemani, na katika kambi ya Barafu, iliyo juu ya mita 4,600, hakuna maji, bali wapagazi huyateka bonde la Karanga na kuyapandisha, lita moja kwa kilo moja, na mwenye kujua hayo hataomba beseni la kuogea. Katika milima ya Rwenzori, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, ambako njia hupita katika matope ya kina, mabuti ya mpira kama ya mfugaji wa ng'ombe hushinda viatu vya thamani. Na mtu wa Tanga au Morogoro anayetaka kutembea siku mbili tatu Usambara kutoka kijiji hadi kijiji, au kupanda Uluguru hadi Morningside na kurudi jioni, atosheke na viatu alivyovizoea, koti la mvua, sweta, maji na chakula, wala asisubiri kuwa na duka zima la vifaa ndipo aanze kuijua nchi yake.

Neno hili la mwisho lina uzito mbele yangu, kwa kuwa imani ya kwamba mlima ni wa wenye vifaa ghali imewaweka wananchi wengi chini, wakiutazama mlima wao kama wautazamavyo wageni picha zake. Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge Kilimanjaro usiku wa Uhuru, Desemba 1961, alipanda kwa niaba ya watu, na haielekei kuwa watu hao waendelee kudhani kwamba njia ile inataka mavazi ya kuagizwa Ulaya. Viingilio vya raia ni nafuu mno kuliko vya wageni, na zana nyingi zinapatikana hapa hapa: Soko la Memorial mjini Moshi, Karume jijini Dar es Salaam na Gikomba jijini Nairobi yana mitumba ambamo mtu mwenye subira hupata koti la manyoya ya bata, suruali ya nailoni na sweta la sufu kwa bei isiyofikia sehemu ya kumi ya bei ya dukani. Asome lebo ya ndani aone kama ni sufu, polisteri au pamba. Avute zipu mara kadhaa. Atazame mishono mbele ya mwanga. Amwagie koti la mvua matone ya maji aone kama yanateleza au yananywewa. Vitu vya kutumika mara moja kwa mwaka, kama fuko zito la kulalia, vikodiwe Moshi au Arusha, kwani kununua kisichotumika ni israfu, hata kikiwa chepesi.

Tena fedha iliyookolewa katika zana ina mahali bora pa kwenda. Maradhi ya mwinuko hayazuiwi na koti la dola mia tano. Mwili huzoea upungufu wa hewa kwa siku, si kwa vitu, na aliyetumia akiba yake kununua siku moja zaidi mlimani amenunua siha yake na matumaini makubwa zaidi ya kufika. Naam, siku hiyo huongeza chakula cha msafara, na chakula kina uzito. Ndiyo maana meza, viti, mahema ya choo na makorokoro ya anasa yanapaswa kuipisha.

Nimesikia hoja ambayo siwezi kuipita kimya, nayo ni kwamba tukipunguza mizigo tutapunguza ajira, na mpagazi asiye na mzigo hana mshahara. Hoja hii ina huruma ndani yake, lakini haina hesabu sahihi. Mzigo uliozidi kilo 20 hauongezi ajira, bali huiondoa, kwa kuwa kilo kumi kumi zilizoongezwa juu ya vichwa vya watu wawili zilikuwa haki ya mtu wa tatu aliyerudishwa langoni. Tunachotaka ni kwamba wepesi wa msafiri ushuke hadi kichwani mwa mpagazi: idadi ya watu ibaki ile ile, kila mmoja abebe pungufu, na kilichookolewa katika anasa kiongezwe katika ujira. Riziki ya mtu isifungamanishwe na kuumia kwa shingo yake na magoti yake, ambayo akifika miaka arobaini atayahitaji shambani.

Kuna na jambo lingine, ambalo kwangu ndilo kipimo cha mwisho cha uchaguzi wote huu. Baridi inayomtisha mgeni humpiga mpagazi vile vile, na mvua ya msituni haibagui. Lakini ni jambo la kawaida kumwona mwenye kubeba mafuko matatu ya kulalia ya wenziwe akiwa na koti lililochanika na viatu vya nyayo zilizolika. Tangu mwaka 2003 mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project, wenye ofisi yake Moshi, umekuwa ukifuatilia ujira na hali za wapagazi na kuwaazima nguo za mlimani bila malipo. Hiyo ni kazi njema, lakini haiondoi wajibu wa mwenye kampuni wala wa msafiri. Mtu anayetumia wiki nyingi akipima na kulinganisha makoti kwa ajili ya nafsi yake hawezi kudai kuwa hana nafasi ya kuuliza, kabla ya kulipa, wapagazi wake watavaa nini na watalala wapi.

Kwa hiyo napendekeza mambo ambayo hayana ugumu wowote ila ule wa nia. Kampuni za safari ziweke katika mkataba orodha ya vitu vinavyofaa pamoja na uzito wa juu wa shanta la kila msafiri, na uzito huo uwe wa chini kuliko kilo 15 ambazo nyingi zinaruhusu sasa, kwani kilo kumi humtosha mtu aliyechagua kwa akili. Mamlaka za hifadhi zipime mizigo kambini kama zinavyoipima langoni, bila ya taarifa, na atakayekutwa amewapakia watu kupita kiasi afungiwe njia kwa msimu. Shule na vyuo vilivyo karibu na milima viwe na ghala dogo la mafuko ya kulalia, makoti ya mvua na mahema mepesi ya kuazimana, ili kijana wa Same, wa Lushoto au wa Mbeya ajifunze kubeba mzigo wake mwenyewe angali na miaka kumi na sita. Kijana huyo, akija kuwa mwajiri wa wapagazi, au afisa wa hifadhi, au msafiri tu, hatakuwa na haja ya kuelezwa uzito wa kilo ishirini kwenye mteremko wenye utelezi, maana atakuwa ameujua kwa mwili wake. Na mtu aliyeujua hivyo ni vigumu sana kumtwika mwenzake zaidi ya haki.